Mkono Usiochorwa

Nkirote alivua viatu vyake vya theluji mlangoni, akaingia na soksi tupu huku akiomba radhi kwa maji aliyoyaacha sakafuni. Hakuzoea kwenda nyumbani kwa mtu kukagua kazi. Ofisini kwao, katikati ya Minneapolis, michoro hukaguliwa kwenye meza ndefu, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, au kwenye skrini kila mtu akiwa kwake. Lakini Raisa alikuwa amekaa eda, na mjane aliye edani hatoki ovyo. Skrini aliikataa mwenyewe. Alitaka karatasi zake zishikwe.

Basi karatasi zikatandazwa juu ya meza ya kulia, katika nyumba ya kupanga huko Maple Grove. Bi Mwanasiti, mamake marehemu, akabaki upande wa jikoni akikanda unga wa mahamri. Angeweza kupanda chumbani kwake. Hakupanda. Tangu mwanawe azikwe hakupenda kuachwa peke yake, wala hakupenda kuambiwa hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa video ya dakika mbili. Shirika moja la afya lilitaka kuwaonya wasemaji wa Kiswahili wasipashe magari moto ndani ya gereji zilizofungwa msimu wa baridi. Raisa alikuwa na diploma ya utengenezaji wa filamu aliyoipata Mombasa, diploma ambayo tangu aje Minnesota haikumfaa hata siku moja. Alikuwa akifunga vifurushi ghalani. Aliposikia anatafutwa mtu wa kuchora na kuongoza video hiyo, aliomba yeye, edani hivyo hivyo. Walimpa, wakampa na Nkirote, Mmeru aliyefanya matangazo ya televisheni kwa miaka, amwelekeze. Jambo ambalo Raisa hakumwambia yeyote katika shirika ni kwamba mumewe, Badawy, alikufa kwa gesi hiyo hiyo, ndani ya gari lake, katika gereji iliyo nyuma ya ukuta wa chumba hicho hicho, uliotundikwa kalenda.

"Usichukulie vibaya, dada," Nkirote alisema, akatoa penseli. "Mimi nikipenda kazi ndio naichapa zaidi."

Akaichapa. Storibodi ya Raisa ilikuwa viboksi vilivyopangwa kwa mstari, kila kiboksi picha moja, ili mwenye kamera ajue asimame wapi na aone nini. Nkirote aliondoa picha mbili za mwanzo kwa kuwa zilikuwa theluji tupu, akasema hakuna mtu Minnesota anayehitaji kuonyeshwa theluji, tunaipiga koleo bure. Video ianze na mtu. Maneno ya msomaji aliyapunguza hadi yakabaki nusu, kwa sababu, alisema, anayehubiriwa huangalia simu yake hata kama anahubiriwa kwenye simu yake. Raisa alicheka, kicheko chake cha kwanza baada ya muda, akaandika pembeni kila alichoambiwa. Ilikuwa raha kusahihishwa na anayejua. Kwa dakika chache hakuwa mjane wa mtu.

Kisha Nkirote akafika kwenye picha ya gari likitoa moshi.

"Huu moshi umeuchora vizuri kabisa, mweusi, unatisha. Toa. Hii gesi haionekani na haina harufu. Mtu akiona moshi kwenye video yako, siku yake ikifika atakaa akingoja kuuona. Utakuwa umemuua wewe."

Alisema hivyo jinsi fundi anavyosema msumari umekaa kombo. Raisa akachukua ufutio, akafuta. Moshi ulipotoka, lilibaki gari na mtu ndani yake, kiti kimelazwa nyuma, macho yamefumba.

"Sawa. Sasa hapa ndipo umeniacha." Penseli iligonga kiboksi, ikaruka, ikagonga kingine. "Hapa mlango mkubwa wa gereji uko wazi. Bwana ameufungua, amewasha gari, amekaa ndani likipata moto, usingizi umemchukua. Vizuri. Hapa mlango umefungwa. Nani ameufunga?"

Raisa akasema umefungwa tu.

"Haujifungi huo. Lazima mtu abonyeze kitufe." Nkirote alikuwa ameinama, haoni uso wa mtu yeyote. "Sikiza. Usipomwonyesha mtazamaji mkono, atajitafutia. Na atachukua ulio karibu, mkono wa huyu aliye garini. Atasema kaufunga mwenyewe, akarudi akakaa. Hiyo si video ya usalama tena. Hiyo ni hadithi nyingine."

Upande wa jikoni, mikono ya Bi Mwanasiti ilisimama ndani ya unga. Wakati huo huo mlango wa gereji ya jirani ukanguruma ukutani, na Raisa na mkwewe wakainua vichwa, wakasikiliza hadi ulipomaliza. Nkirote alidhani wanangoja kelele zipite ndipo wajibu. Zilipopita, alirudisha penseli mfukoni. Akavaa viatu vyake, akaahidi kurudi Jumamosi nyingine, akasema storibodi hii imebakisha kitu kimoja tu.

*

Hadithi nyingine aliyoitaja Nkirote ilikuwa imeshaenea mjini bila video.

Daktari wa serikali alisema ni gesi. Alipoulizwa ilikuwaje, alisema hawezi kusema. Pengo hilo likawatosha watu. Mtu huwashaje gari katika gereji, akafunga mlango, akalala? Waliokuja kutoa pole walikuja na sinia za pilau zilizofunikwa karatasi ya fedha, na macho yao yakitafuta mlango mdogo unaoingia gereji. Mmoja aliomba kuelekezwa msalani, akafungua mlango huo badala yake, akachungulia kwa muda ambao msala hauchunguliwi, akarudi akala vizuri. Siku ya khitma, mwanamke mwingine alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya mtu anayetafuta elimu, kama mtu wa namna ile huombewa. Raisa alikuwa kwenye ngazi. Alisikia neno "namna ile" hata baada ya wageni kwenda na vyombo kuoshwa. Alilisikia ndani ya bomba la maji.

Ndiyo sababu aliitaka kazi ile. Alitaka watu wale wale, na simu zao zile zile, wamwone Badawy ametoka kuendesha gari la mizigo usiku kucha, anafungua mlango mkubwa kama mtu mwenye akili zake, anawasha gari dogo akamnunulie mkewe mboga za wiki, anakaa. Anayefungua mlango hataki kufa. Hilo lilikuwa wazi kama mchana. Lakini Raisa ndiye aliyerudi kutoka kazini akaukuta mlango umefungwa, na alipoulizwa na polisi alisema kweli, kwamba ulikuwa umefungwa. Tangu hapo, kabla hata Nkirote hajaliuliza, swali lile la mkono lilikuwa likimjia, na kila likija alikwenda kukunja nguo.

Faiz, mdogo wake Badawy, alikuja Jumatano na mifuko ya vyakula. Aliketi sebuleni na mamake. Raisa, kwa kuwa shemeji si maharimu, alizungumza naye akiwa jikoni, ukuta kati yao. Faiz aliuza udi na marashi katika soko la Wasomali huko Minneapolis, na kila akija alileta na maneno ya huko, ingawa aliyasafisha kwanza.

"Leo mteja kashika chupa yangu, kanusa, kaniuliza kama kaka aliacha neno lolote," alisema. "Nikamwambia ndiyo, kaacha neno. Kasema wewe usipunguziwe bei."

Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka. Raisa akamweleza habari ya kiboksi kinachokosekana. Faiz alifikiri kwa muda mfupi sana, kama mtu aliyekuwa ameshafikiri zamani.

"Weka wezi, shemeji. Kila mtu hapa anajua ukiacha gari linanguruma wanalichukua. Mchore Badawy akifunga mlango kwa kuogopa wezi. Nani atabisha?"

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo itakavyokuwa."

Bi Mwanasiti aliinuka, akasema anakwenda kutawadha. Wakati wa sala ulikuwa haujafika.

Faiz alipoondoka, Raisa alichora. Mkono wa mwanamume, saa kubwa kwenye kifundo, kidole kwenye kitufe. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, kivuli cha mtu anapita njiani na kofia yake ya koti. Ulikaa vizuri. Pengo liliziba, mtu angetazama bila kuuliza. Raisa aliuangalia mkono ule kwa fahari ya fundi, kisha akaanza kuuogopa. Aliona ya kwamba akishaupeleka, hata yeye baada ya mwaka ataukumbuka kama jambo aliloliona.

*

Siku hizo Bi Mwanasiti alikuwa akifunga saumu kila siku. Alianza keshoye mazishi na hakuacha. Raisa na Faiz walisema ni huzuni, mama anamtafutia mwanawe thawabu, wakamwacha. Kulikuwa na mambo mengine waliyoyaita huzuni vile vile. Hakugusa swichi wala kitufe cha kitu chochote. Giza likiingia alikaa ndani yake mpaka mtu aje awashe taa. Futari yake, hata uji ukipoa, aliunywa baridi kuliko kubonyeza lile joko dogo la umeme la kupashia chakula.

Alhamisi hiyo alikuwa anakohoa, akafungua saumu kwa tende moja tu. Raisa alimpashia uji, akamwambia kwa upole kesho apumzike, mgonjwa ameruhusiwa na Mungu mwenyewe.

"Siwezi, mwanangu. Nikikata naanza upya."

Alilisema jikoni, mdomo una tende, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kisha akatafuna polepole zaidi, kisha akaacha kutafuna.

Raisa alisimama na sufuria mkononi. Alisoma chuo cha Kurani kama watoto wenzake wote wa Mombasa, chini ya mwalimu aliyewakaririsha saumu zote kwa namna zake. Ukila siku moja ya Ramadhani unalipa hiyo moja. Sunna ukiikatiza hakuna anayekudai. Saumu inayofululiza miezi miwili, ambayo ukiikata unarudi mwanzo, hiyo si ya huzuni. Hiyo ni kafara. Na mwalimu aliwatolea mfano ambao watoto hawakuupenda, wakawa wanautania njiani kwa kuuogopa: mama aliyemlalia mtoto wake mchanga usingizini, akaamka akamkuta amekufa. Hakukusudia, mwalimu alisema. Lakini nafsi imetoka chini ya mwili wake. Afunge.

Aliweka sufuria. Bi Mwanasiti naye alikuwa ameiona karatasi mezani, mkono wenye saa, na akaisogeza karibu na taa.

"Huu mkono wa nani?"

"Wa Badawy, Mama."

"Huo si mkono wake."

Kisha akaeleza, na hakueleza kwa urefu. Asubuhi ile baridi ilikuwa inapita chini ya mlango mdogo ikimfuata mpaka miguuni. Alifungua, akaona mlango mkubwa umeinuliwa na theluji imeingia hadi kwenye saruji. Gari lilikuwa linanguruma, na halina mtu, ama hivyo ndivyo alivyoona, maana kiti kilikuwa kimelazwa. Alidhani Badawy yuko nje anapiga koleo. Badawy mwenyewe ndiye aliyemwelekeza wiki ya kwanza alipokuja kutoka Mombasa: Mama, joto la nyumba hii ni pesa, ukiona mlango umeachwa wazi, kitufe hiki hapa. Kwao gari hulala barabarani; hajapata kuona gari linalokaa chumba kimoja na watu, wala kuambiwa kwamba linaweza kuua likiwa limesimama. Akabonyeza. Akapanda juu.

"Nyumba ikapata joto," alisema. "Nikajifunika. Raisa, nililala usingizi mzuri."

Raisa alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa yote mawili yalimjia pamoja alikoroga uji uliokuwa umeshakorogeka. Alikumbuka jinsi mama huyu alivyowahudumia waliokuja kutoa pole. Aliwamiminia kahawa, akasikia kila kitu, yule wa msalani, yule wa kutafuta elimu, na jibu alikuwa nalo kooni. Kwa nini hukusema? Lakini aliijua sababu. Raisa naye alisikia kwenye ngazi, akaenda kukunja nguo.

"Nikikuchora wewe watakusema, Mama," alisema hatimaye. "Watasema umemuua mwanao. Hawatasema hukukusudia. Nawajua."

"Sasa hivi wanamsema nani?"

Raisa aliweka mwiko chini.

"Kama ni kusema waniseme mimi. Mimi ni hai, nina mdomo. Yeye wamemkuta amelala." Bi Mwanasiti aliusogeza uji pembeni, akaupangusa mkono wake wa kulia kwenye leso, akauweka juu ya karatasi, kando ya ule wenye saa. "Futa huo. Chora huu."

Ilichukua muda. Mkono wa mtu mzima ni mgumu kuchora. Ngozi ina njia zake, na pete ya fedha ilikuwa imezama kidoleni. Raisa alichora akiuchukia mkono ule. Aliuchora vizuri. Alipofika kwenye kidole cha shahada alisimama, akanoa penseli ambayo haikuhitaji kunolewa, na Bi Mwanasiti akangoja bila kuuondoa.

*

Jumamosi Nkirote alizipitia karatasi akiwa bado na koti. Alipofika kwenye kiboksi kipya alikaa chini.

"Hii sasa," alisema. Akaichukua, akaipeleka dirishani. Katika picha, mwanamke mtu mzima amejitanda leso, mabega yamejikunja kwa baridi, anabonyeza kitufe huku ameshaanza kugeuka kurudi ndani. "Huyu kila mtu atamwelewa. Hana ubaya, ana baridi tu. Huyu ni mamangu kabisa. Akija kwangu Roseville anafunga hata dirisha ambalo sijafungua. Hii idea umeitoa wapi?"

Chai iliwekwa mbele yake wakati huo. Nkirote alipokea kikombe, akaona mkono uliokuwa unakileta, na pete. Aliitazama karatasi. Alitazama tena mkono. Kazi yake ilikuwa kutazama picha mbili na kuona kinachoziunganisha, na safari hii alitamani asingekuwa hodari.

Aliitua karatasi taratibu. Alitafuta neno kwa Kiingereza, akatafuta kwa Kiswahili, yote aliyoyasema kwenye meza hii wiki iliyopita yakimrudia moja moja.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Ulisema kweli," Bi Mwanasiti alisema. "Kunywa chai, itapoa."

Nkirote alikunywa kwa kuwa aliambiwa. Kisha, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwa na adabu katika nyumba ile, alirudi kwenye kazi. Alisema picha imesimama, ila hajui kamera ikae wapi: ndani ya gereji ikimwona mama uso, au nyuma yake ikiona anachokiona yeye. Hilo haliamuliwi kwenye karatasi. Angejaribu kwa simu, na mkono angeutoa yeye mwenyewe, jaribio tu. Bi Mwanasiti akamwambia mikono ipo.

Wakafungua mlango mdogo. Raisa hakuwa ameingia gereji tangu siku ile. Gari lilikuwa pale pale. Faiz alikuja mara kadhaa kulichukua, kila mara akaondoka bila kulichukua. Raisa akauinua mlango mkubwa, na mwanga wa theluji ukaingia wote kwa mara moja, na baridi nyuma yake. Nkirote alisimama kwenye kona ambayo ingemwona mama na gari pamoja. Aliinua simu. Hakuhesabu moja, mbili, tatu kama anavyohesabia waigizaji.

Bi Mwanasiti alisimama kizingitini. Aliweka kidole juu ya kitufe, kitufe cha kwanza kukigusa tangu asubuhi ile ya Desemba, na hapo akafanya jambo ambalo halikuwemo katika kiboksi chochote. Aliita.

"Badawy. Uko humo, mwanangu? Nafunga mlango."

Alingoja jibu, kwa muda ule mtu anaopewa akiamshwa. Upepo ukasukuma theluji kidogo juu ya saruji. Nkirote akaendelea kushika simu kwa mikono miwili.

"Raisa," mama mkwe wake alisema, bila kugeuka. "Tazama."

Raisa akaenda hadi kwenye gari. Akaukinga uso kwa viganja, akainama kwenye kioo. Kiti kilikuwa bado kimelazwa.

"Hayumo, Mama."

Ndipo akabonyeza.